Busu Lililoondolewa kwa Maslahi ya Wazee

Ofisi ya Utulivu wa Sinema, Kanda ya Kaskazini, inayo furaha kuutangazia umma kwamba wazee wa Kautokeino, mji wa Wasami kaskazini mwa Norwe, wameepushwa na busu.

Mimi ndiye mkuu wa ofisi. Nilizaliwa Oslo, lakini huku nimekaa sana. Wasami, wenyeji wa huku, nawajua nje ndani. Kwa hiyo filamu ya Ravdna, binti wa hapahapa, nilipoletewa niliikagua mwenyewe. Wasichana wawili wa Kisami wanasafiri na gari bovu hadi pwani, wanakua, wanapendana. Gari ofisi ililipitisha. Busu lilikwama.

"Bibi yangu atakuja kuitazama Pasaka," Ravdna alisema. "Sijawahi kumwambia mambo yangu. Nataka ayaone humo."

"Ndiyo maana litoke," nilimjibu kwa upole wa kiofisi. "Badala yake weka joiki, ule wimbo wenu wa jadi. Hauna maneno, hivyo hauna madhara."

Akanikodolea macho. "Mmoja amwimbe mwenzake joiki? Bosi, una uhakika?"

"Hilo ni agizo."

"Haya. Umesema wewe, si mimi."

Aliondoka akicheka. Nilidhani ni shukrani.

Pasaka ukumbi ulijaa pomoni. Kwenye skrini, msichana aliegemea boneti, akamtazama mwenzake, akaimba. Basi. Hawakugusana hata kidole, nami nikajipongeza. Mara nikaona wazee wanavua kofia, kina mama wanafuta machozi. Bibi Biret, bibi yake Ravdna, akasimama.

"We Ravdna! Huyo anayeimbwa si Sunná, yule wa duka la nyavu? Hata anavyotembea kama anaruka madimbwi umeweka kwenye mdundo!"

"Ndiye, Bibi." Ravdna alijibu. "Nilimtungia mimi."

"Na siku zote unanidanganya ni rafiki wa shule! Mlete kesho ale supu, mtoto mwenyewe mwembamba vile."

Akaidaka joiki ile, akaiimba, na ukumbi mzima ukamfuata. Ravdna alilia kama mtoto mdogo.

"Lakini Bibi, huu ni wimbo tu," nilimnong'oneza.

"Mwanangu, busu mtu humpa yeyote. Joiki ya mtu ni mtu mwenyewe, humtungii usiyempenda." Akanitazama kwa huruma. "Nawe umekaa huku miaka yote hii. Joiki yako inaendaje, tukuimbe?"

Watu wakatazamana: hakuna aliyewahi kunitungia. Niliumia, sitaficha.

Suala hilo limeundiwa kamati.