Siku Mama Mkwe Alipoishika Klachi

Kamusi alifika kijiweni saa mbili asubuhi akiwa ameinua gazeti juu kama mwamuzi anayetoa kadi nyekundu.

"Ukurasa wa kumi na saba!" akapaza sauti kabla hata ya salamu. "Nani hapa bado anadai wanawake hawajui injini? Asimame nimsomee."

Hakusimama mtu. Kijiweni kwetu ukisimama umepoteza nafasi. Benchi liko mbele ya kibanda changu cha kunyolea, lilitengenezwa kwa watu watatu na siku zote tuko wanne. Asubuhi hiyo kulikuwa na mimi kinyozi, na Bima, jamaa anayeuza bima na anayeona ajali hata ndani ya kikombe cha kahawa. Kahawa yenyewe anatuuzia Mama Birika, na akituona tunadanganya kupita kiasi anatukatia hapo hapo. Na mwisho kabisa wa benchi, mguu wa kulia umefungwa bendeji nene, alikaa Silinda, fundi wa injini, kilo mia moja na nne, kimya kama redio isiyo na betri.

"Soma basi," akasema Mama Birika. "Umeshatutoa roho."

Kamusi akakohoa kidogo. "'Bibi wa miaka sitini na mbili jana aliwaacha vijana hoi katika mbio za kwadi za mita mia mbili. Bibi huyo, ambaye ni mke wa fundi anayejulikana kwa jina la Silinda...'"

"Mke?" Silinda akaruka, akasahau mguu, akaukumbuka, akakaa. "Mke wa nani? Yule ni mkwe wangu! Mama mzazi wa mke wangu!"

"Imedondoka W," Kamusi akasema akilisogeza gazeti karibu na pua. "Walitaka kuandika mkwe. W moja tu, bwana."

"W moja, na mimi nimeozeshwa mama mkwe! Leo nitaingiaje nyumbani?"

"Ingia kwa adabu," akasema Mama Birika. "Una wake wawili sasa, na mmoja anakimbia kuliko wewe."

Tulicheka mpaka Bima akaonya kwamba kuna watu wamevunjika mbavu kwa kucheka. Tulipotulia, Bima akamgeukia Silinda.

"Sasa hebu tueleze mwenyewe. Maana mimi jana nilikuwa nyuma, sikuona vizuri."

"Ulikuwa nyuma ya gari la wagonjwa," nikamwambia. "Ulilikumbatia tangu mwanzo."

"Nilikuwa karibu na huduma."

Silinda akavuta pumzi. Lakini lazima nieleze jambo moja kwanza. Kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne, na hii ya Silinda ina injini ya mipigo miwili, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, inayotoa moshi wa buluu na kulia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Mwaka juzi Silinda aliacha kazi ya mshahara kwa ajili ya injini hizo. Mwaka jana akaingia mashindanoni, akafika nusu ya njia, pistoni ikanata ndani ya silinda kwa joto, kwadi ikazimika mbele ya mtaa mzima. Aliisukuma mpaka mwisho kwa mikono huku watu wakimpigia makofi ya pole. Jina la Silinda alilipata siku ile, wala hakulipenda.

"Tangu pale wateja wakaanza kunikimbia," akasema. "Wakahamia kwa mafundi wa Katalogi."

Katalogi ni mwenye duka kubwa la mbao. Kila kipande cha kwadi yake kimeagizwa kutoka kwenye kitabu chenye picha, mpaka kofia ya kuendeshea ina madirisha ya kuingiza hewa. Mafundi wake wanavaa ovaroli nyeupe, na nyeupe kweli, jambo ambalo Silinda huliona ni ushahidi kwamba hawafanyi kazi.

"Basi Jumanne mama mkwe akaja kututembelea," Silinda akaendelea. "Amekuja na mkoba, na ndani ya mkoba kuna fomu. Fomu ya kazi ya kutunza stoo, idara ya barabara, alikofanya kazi yeye. Imeshajazwa yote, bado sahihi yangu tu. Akaniambia, 'Baba, binti yangu hawezi kuishi na moshi. Ukishindwa Jumapili, utatia sahihi.' Nikasema, 'Sawa mama.' Ningesema nini?"

"Ungesema hapana," akasema Kamusi.

"Wewe ulishamwambia mama mkwe wako hapana?"

Kamusi akafungua gazeti, akatafuta habari za hali ya hewa.

"Sasa chumba alicholala kinapakana na karakana yangu. Ukuta mmoja. Jumatano asubuhi najaribu injini, natoka, namkuta uani anapepeta mchele. Shikamoo mama. Marahaba baba. Halafu, bila kuinua kichwa: 'Injini yako inalia kavu mlio ukipanda. Ina kiu.' Nikaudhika moyoni. Nikamjibu kwa heshima, 'Mama, hii siyo katapila.'"

"Hukusema hivyo!" Mama Birika akashika kifua.

"Nilisema. Kumkejeli tu, maana aliendesha katapila la kuchonga barabara miaka ishirini na miwili. Akaendelea na mchele wake."

Alhamisi ikaja balaa. Silinda alikuwa anaiwasha kwa teke, injini ikarudisha pigo, pedali ya kuwashia ikampiga kifundo cha mguu wa kulia kikavimba kama embe. Na breki ya kwadi iko mguu wa kulia.

"Daktari akaniuliza kama naweza kuendesha. Nikamwambia kuondoka naweza, kusimama ndiyo siwezi."

"Ndipo ukaja hapa," akasema Mama Birika, na akatutazama mmoja mmoja. "Nilikuwepo. Aliomba mmoja wenu amwendeshee. Mwaka mzima nawasikia hapa: mimi ningeachia klachi hivi, mimi ningeinama vile. Eleza, Kinyozi, ulisema nini?"

"Nilikuwa na mteja," nikasema.

"Jumapili?"

"Ana nywele nyingi."

"Na wewe Kamusi?"

"Miwani yangu haina kamba ya nyuma."

"Bima simuulizi."

"Niulize," akasema Bima. "Mimi nilipiga hesabu ya uwezekano. Nikaona nikifa mimi hatakuwepo wa kujaza fomu zangu."

Silinda alicheka, cheko la kwanza asubuhi ile. "Nikarudi nyumbani nimevunjika moyo. Nikaichukua ile fomu mezani, nikashika kalamu. Kweli nilishika kalamu. Mama akaingia, akaniona. Akauliza, 'Wenzako wamesemaje?' Nikamweleza, yule ana nywele, yule ana miwani. Akaichukua kalamu mkononi mwangu. Akasema, 'Jumapili ndiyo mwisho wa mkataba wetu, leo ni Alhamisi. Klachi yake nzito?' Sikuelewa. Akarudia, 'Baba, nauliza kama klachi yake nzito.' Mke wangu akapiga kelele, 'Mama, na mgongo wako?' Akajibiwa, 'Mgongo huu ulishindana na katapila. Kaa pembeni.'"

Jumapili tulikuwepo wote. Ile barabara ya zamani nyuma ya machimbo ya kokoto, iliyonyooka, wamechora mstari wa chokaa mwanzo na mwingine mwisho. Zinakimbia mbili mbili. Taa ikiwaka kijani, nenda. Mama mkwe alikuja amevaa suruali ya kazi yenye mifuko sita na viatu vya buti. Mwembamba, kilo arobaini na tisa. Mwenyekiti wa mashindano alipomwona akafikiri amekuja kuuza maji.

"Halafu fomu ya washiriki!" Bima akapiga paja. "Hapo nilikuwa karibu."

"Fomu inataka sahihi ya mzazi au mlezi," Silinda akasema. "Wameichapa kwa ajili ya vijana. Mwenyekiti akakataa kumwandikisha bila mlezi. Mama akamuuliza wazazi wake awatoe wapi, makaburini? Mwishowe nikatia sahihi mimi. Mlezi wa mama mkwe."

"Na mke wake, kwa mujibu wa gazeti," akasema Kamusi.

"Funga hilo gazeti!"

Mbio mbili za kwanza alishinda. Wepesi wake ulikuwa faida tupu: kwadi ile ikimbeba Silinda inaondoka kama inahama nyumba, ikimbeba yeye inachomoka kama mwizi. Shida ilikuwa maelekezo. Silinda hawezi kumfokea mama mkwe. Mafundi wa Katalogi walikuwa wanapiga kelele, "Gia! Gia! Kanyaga!" na sisi tukimsikia fundi wetu pembeni ya barabara akichechemea na kuita, "Mama, samahani, ukiona inafaa, badilisha gia, tafadhali!"

"Baada ya ile ya pili," Silinda akasema, na sasa sauti ikashuka, "akarudi, akavua kofia, akanitazama. Nikajua. Nikachomoa plagi. Ikiwa kahawia kama kahawa hii, injini inakula vizuri. Ilikuwa nyeupe kama chaki. Mafuta hayatoshi, joto limepanda. Vilevile kama mwaka jana."

Mama Birika akamwongezea kahawa.

"Na mwaka jana nilisikia. Hilo sijawaambia. Nilisikia inalia kavu, masikio yangu haya, nikajidanganya itavumilia. Jumatano yeye akaisikia kupitia ukutani, akanieleza, nikamjibu la katapila. Sasa zimebaki dakika kumi na mbili kabla ya fainali, na nikiifungua kabureta nikakosea, basi. Nikamwambia, 'Mama, ulikuwa sahihi. Nisamehe.' Akasema, 'Samahani itasubiri. Jeti kubwa unayo?' Ninayo, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta. Akatoa ile fomu ya stoo kwenye mkoba, akaigeuza nyuma, akaniandikia namba ya jeti anayoitaka, kubwa kwa ngazi mbili. Mimi ningeweka ngazi moja. Nikaweka mbili."

"Yaani umeweka roho yako kwenye sikio la mtu," akasema Bima, na kwa mara ya kwanza hakutaja ajali.

Fainali niliiona kwa macho yangu. Katalogi kulia, kofia ya madirisha. Mama mkwe kushoto. Kabla ya kupanda alimkabidhi mwenyekiti mkoba wake, "Nishikie, baba," na mwenyekiti, mtu mwenye kitambi na filimbi, akasimama pale amekumbatia mkoba wa kike mpaka mwisho wa mbio. Taa ikawaka. Kwadi ya Katalogi ikainua magurudumu ya mbele hewani, vumbi, shangwe, kila mtu akashika kichwa. Ya mama haikuinuka hata kidogo. Alikuwa amelala juu ya tangi, anaachia klachi taratibu kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Katikati ya njia walikuwa sawa. Nikamwona Silinda amefumba macho. Hatazami, anasikiliza. Na mlio ulikuwa mnene, mtamu, haukukauka. Mama mkwe alipofika mwisho alikuwa mbele kwa upana wa tairi moja.

"Hapo ulilia," akasema Mama Birika.

"Moshi uliniingia."

"Ulilia, baba. Na mimi nililia. Usione haya."

"Mwenyekiti akapekua kitabu cha sheria nusu saa nzima," Kamusi akaongezea, "anatafuta kifungu kinachokataza mama wakwe. Hakipo. Mgeni rasmi akahutubia dakika arobaini juu ya vijana kuwa taifa la leo, halafu akamkabidhi kikombe kilichochongwa 'Kijana Bora wa Mwaka.'"

"Amekiweka juu ya kabati," akasema Silinda. "Asubuhi nimemkuta anakifuta vumbi. Nikamuuliza kuhusu ile kazi ya stoo. Akaniambia, 'Wamepata mtu mwingine. Yaani, nitawaambia watafute mtu mwingine.' Halafu akaondoka haraka, kana kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Hakukuwa na kitu jikoni."

Tulikuwa bado tunalitafuna hilo, gari la Katalogi likasimama mbele yetu. Bima akaacha kikombe. Kamusi akakunja gazeti tayari kwa ugomvi.

"Amekuja kukata rufaa," nikanong'ona.

Katalogi akashuka. Alikuwa amechomekea shati, amechana nywele, na nasema hivi kama mtaalamu: alikuwa amenyolewa kwingine. Akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, mpaka Mama Birika. Akasimama mbele ya Silinda anageuza funguo za gari vidoleni.

"Fundi, mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea."

"Jana mlitufunga kihalali. Nimewaambia vijana wangu."

"Ahsante."

"Mama bado yupo nyumbani?"

"Yupo. Kuna nini?"

"Hapana, nauliza tu." Funguo zikamponyoka, akaziokota, akajifuta magoti ambayo hayakugusa chini. "Hivi fundi... mkeo amezaliwa peke yake, au ana dada?"

"Anaye mdogo wake. Mwalimu wa hesabu."

"Ameolewa?"

"Bado."

"Nimefika umri wa kutulia," Katalogi akasema, macho ardhini. "Huyo mwalimu simjui, sitadanganya. Lakini nyumba ile imenivutia."

Mama Birika akajishika kiuno, akamtazama tajiri yule kuanzia viatu mpaka nywele.

"Nimeishi," akasema, "nimeona wanaume wakiposa mke kwa uzuri, wengine kwa tabia. Leo ndiyo mara ya kwanza naona mtu anaposa mama mkwe."

Akaanza kukusanya vikombe, hata vile vilivyokuwa na kahawa.

"Haya, nyanyukeni. Na huyo mtu mfungeni kifungo cha juu, msije mkampeleka ukweni kifua wazi."