Nilivyosafisha Orodha ya Marehemu wa Shirika Letu

Leo nimeaibika mbele ya shirika zima, na sikusukumwa na mtu.

Shirika letu la sala hapa mtaani Kasha lina tovuti. Ni chanzo huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuichangia. Unachukua nakala, unarekebisha, unaandika sentensi moja kueleza ulichofanya, kisha unamtumia Dieudo anayeisimamia. Akikubali, badiliko linaingia, na chini ya ukurasa hutokea jina lako na sentensi hiyo. Mwezi mzima nilikuwa natafuta cha kuchangia. Nilitaka jina langu lionekane. (Limeonekana.)

Asubuhi nikafungua ukurasa wa marehemu. Leo ilikuwa siku ya kuwaombea, na Maman Charlotte, kiongozi wetu, huchapa orodha hiyo na kuisoma kwa sauti. Nikakuta fujo! Papa Bahati mara mbili. Maman Neema mara tatu. Maman Furaha mara tano! Nikajiambia, watu hawa wanabonyeza ovyo. Mwongozo wa wachangiaji unasema uanze na makosa madogo, basi nikatoa amri moja ya kufuta kila mstari unaojirudia. Mistari kumi na tisa ikatoweka. Nikaandika maelezo: "Nimeondoa majina yanayorudiwa bila faida." Nikatuma.

Dieudo akanipigia simu.

"Pacifique, uko fundi! Sijaangalia yote, courant ya umeme imekatika na batterie ya simu iko inaisha. Napitisha tu."

"Pitisha, hakuna shida."

(Hakuna shida. Kwa kinywa changu mwenyewe!)

Saa tano tuko ukumbini. Kwetu jina likisomwa, familia inasimama, inakwenda mbele na kuwasha mshumaa. Niliketi na papa, baba yangu. Mshumaa wake aliushika kwa mikono miwili tangu nyumbani.

Maman Charlotte akasoma, "Maman Furaha." Familia moja ikainuka. Papa akaninong'oneza:

"Ile iko ya majirani. Wetu iko quatrième."

Dada yangu mkubwa ni Furaha! Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na akina Furaha wamejaa mtaa huu. Wale watano walikuwa wanawake watano, wameandikwa kwa kufuatana na walivyokufa. Mama yetu alikuwa wa nne. Mimi nilizoea kumwita maman tu, basi, na orodha ile sikuisoma, niliisafisha.

Maman Neema akasomwa mara moja. Papa Bahati mara moja. Watu wakaanza kutazamana. Mzee mmoja akasimama, akasita, akaketi tena. Papa alikuwa anahesabu kwa vidole, na bado alikuwa kwenye kidole cha kwanza.

"Batasoma tu," akasema. "Ungoje."

Nilitaka kumwambia. Sikuthubutu.

Orodha ikaisha. Mishumaa mingi ilibaki mikononi, haijawashwa. Sasa Maman Charlotte ni mtu mwaminifu, ukimpa karatasi anasoma mpaka nukta ya mwisho. Akasogeza miwani.

"Imesahihishwa leo na Pacifique. Nimeondoa majina yanayorudiwa bila faida."



"Pacifique njo nani?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Mutoto ya Maman Furaha."

"Maman Furaha gani?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Papa hakuniangalia. Akainuka, akaenda mbele bila kuitwa, akawasha mshumaa wake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Maman mmoja akapita karibu yangu na kusimama.

"Weye! Maman yako iko bila faida?"

 

Tumerudi nyumbani. Kurudisha mistari ile ni kazi ya dakika moja, kwa sababu nakala ya zamani haifutiki. Nilikuwa naketi kuifanya papa alipokuja kusimama nyuma ya kiti changu. Nilidhani atanikemea.

"Andika jina yake ya kweli," akasema. "Yote."

Nikaandika Nsimire, jina la maman. Hapo vidole vikasimama. La baba yake sikulijua. La ubatizo nilibahatisha, nikakosea. Papa akanitajia yote mawili polepole, kisha akaondoka kwenda kukaa nje. Nina miaka thelathini na mbili, na jina kamili la aliyenizaa nimelijua leo mchana. Nimeona haya zaidi kuliko kule ukumbini.

Haya, anayetaka kucheka acheke. Ila kwanza aandike jina kamili la mama yake, bila kumuuliza mtu.