Uzinduzi wa Maji Salama kwa Mayai ya Samaki

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye leo pia ni mimi. Mheshimiwa Naibu wangu. Msaidizi wa Naibu wangu, na yule anayembebea mkoba. Wakuu wa idara, vitengo na vijitengo. Ndugu Meneja wa kiwanda cha losheni hapo juu, jirani yetu mwema. Wadau wa viti vya mbele, wananchi wa kusimama, na akina mama wafugaji wa samaki ambao nimeambiwa mko huko nyuma juani: habari za asubuhi! (Watu: "Ni mchana huu, Mheshimiwa!") Habari za mchana. Mnaona? Uongozi huu ni sikivu.

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wamenisifia, ili kuzindua Programu Jumuishi ya Mkakati Endelevu wa Maji Salama kwa Viinitete vya Samaki. Kiinitete, kwa wale ambao hawakubahatika kwenda shule, ni samaki kabla hajawa samaki: yuko ndani ya yai, anajiunda jicho, anajiunda moyo, anajiunda mkia, kama mimi nilivyokuwa najiunda kabla ya kuteuliwa. (Makofi, viti vya mbele.)

Wataalamu wangu wameniandalia taarifa, nami nimeisoma yote isipokuwa pale katikati. Inasema zile kemikali za kutengenezwa viwandani, zinazotiwa kwenye losheni, shampuu na vyakula vya kopo ili visioze, zikifika mtoni hupenya hadi ndani ya yai la samaki. Nikajiuliza kiuongozi: kitu kinachozuia kuoza kina ubaya gani? Nikaendelea. Inasema viinitete huchelewa kuanguliwa. Je, huo si utulivu wa kusubiri zamu? Inasema mapigo ya moyo hupungua. Nani hapa, kwa maisha haya, asingependa mapigo yake yapungue kidogo? Inasema vifaranga wengine hutoka na mgongo uliopinda. Wataalamu wakashtuka, mimi nikaona fursa: samaki aliyepinda anaingia kwenye sufuria bila kukatwa! (Vicheko, viti vya mbele. Kisha sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Sufuria gani, Mheshimiwa? Hawafiki hata ukubwa wa ukucha! Wanazungukazunguka mahali pamoja, kesho yake wanaelea!")

Nani huyo? (Katibu anamnong'oneza: ni Mama Vifaranga, anaangulisha samaki bwawani kwake. Ana mtoto mgongoni na beseni la mayai mikononi.) Aa, Mama Vifaranga, ndiye mnufaika wetu! Njoo mbele, mama, picha bado hazijapigwa. Ndugu wananchi, kwa utaratibu wetu wa uzinduzi, mgeni rasmi humimina maji ya kwanza kwa mkono wake katika chombo cha mnufaika, na mnufaika hutabasamu. (Mama Vifaranga: "Nitatabasamu, baba, ila nikueleze kwanza. Haya ndiyo mayai niliyobaki nayo. Samaki wazazi wote wamekwisha, na hawa wa beseni wakifa sina mbegu tena, nafunga bwawa. Nimewaleta kwa sababu mlipita na kipaza sauti mkisema maji salama yamefika.")

Yamefika, mama! Mradi umekamilika kwa asilimia tisini na nane, na hiyo mbili iliyobaki ni mambo madogomadogo ya kitaalamu. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukafanya semina ya kuupembua upembuzi, tukaenda ng'ambo kujifunza namna wenzetu wanavyokwenda ng'ambo. Kuridhika kwa wananchi kumepanda kwa asilimia mia moja na kumi. (Sauti: "Hiyo kumi ni ya nani?" Mwingine: "Ya mkeo, si ulimwacha nyumbani!" Vicheko.) Utulivu tafadhali. Katibu, nishikie hotuba. Nafungua bomba!

(Bomba kubwa lililofungwa utepe linakohoa, kisha linatoa maji yenye povu.) Angalieni povu hilo, usafi wenyewe! Na linanukia waridi! Lete beseni, mama. (Mama Vifaranga ananusa, anarudi nyuma, anafunika beseni kwa mtandio wake: "Hapana, baba.") Hapana kivipi? Wapiga picha wanasubiri. ("Kunywa wewe kwanza, nikuone.") Mama, itifaki inanielekeza kunywa maji ya chupa. ("Basi na wanangu hawa wana itifaki yao." Kicheko kikubwa. Mtoto mgongoni anaanza kulia, mama yake anambembeleza: "Nyamaza, baba, tunaondoka. Dada, lile pipa lako la maji ya mvua bado limejaa?" Mwanamke mwingine: "Limejaa shoga, twende kabla jua halijawachemsha!" Akina mama wanaondoka pamoja naye, beseni katikati.)

Waacheni, waacheni, ni msisimko wa maendeleo. Viti vya mbele, bado mpo? (Watatu wanaitikia.) Nikisema "Yai", mnasema "Samaki kamili". Yai! ("Samaki kamili!") Nikisema "Maji", mnasema "Salama". Maji! (Kutoka mbali, barabarani: "Yako wapi?")

Nafunga kwa shukrani. Namshukuru mhandisi wa mradi, popote alipo, kwani hajaajiriwa. Namshukuru mkandarasi, ambaye zabuni yake inasubiri kutangazwa, baada ya kuandikwa. Nawashukuru wataalamu waliochora chujio, tangi na maabara, ambazo ndizo ile asilimia mbili iliyobaki. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Ndugu Meneja wa kiwanda cha losheni, aliyekubali tulifunge utepe bomba lake la maji machafu ili na sisi leo tuwe na kitu cha kuzindua. Meneja, utepe tunaufungua sasa hivi. Endelea tu kumwaga.