Tausi Kwenye Mchele wa Mbwera

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo nimekuwa mfanyabiashara wa kimataifa. Mimi Mrisho, niliyeacha darasa la sita baada ya walimu kuishiwa la kunifundisha! Nimetupia picha za mchele mtandaoni. Chai haijapoa, bibie mmoja wa Nairobi, Consolatha, kautaka wote. Mchele wenyewe wa dada yangu Mwanamina, kauvuna Mbwera. Kauweka kwa pilau ya harusi ya bintiye Yasmin, Ijumaa ya wiki ijayo. Nimemwambia nitamrudishia mwingi zaidi. Kasema nikiupoteza, wageni watanila mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata cheti cha uasili Kibiti! Kinasema mchele umelimwa kwetu, basi Kenya unaingia bila ushuru. Mapatano ya nchi jirani. Ila viroba vyetu vinatia aibu. Nimepata dukani Bungu magunia matupu ya mchele wa Pakistani, yana tausi wa dhahabu. Jirani yangu Mwalimu Silvesta kauliza kwa nini mchele wetu uvae nguo za watu. Wivu tu! Jioni mzigo umeondoka na lori kwenda Nairobi.

Jumamosi, 9 Agosti
Simu ya mpakani. Afisa kasema cheti kinataja Mbwera, gunia linataja Pakistani. Nilipe ushuru au mzigo urudi. Nikaapa ni wa kwetu, shamba hilo nimelilinda mwenyewe, nikafukuza viboko watatu kwa kandambili. Kauliza kama hao viboko nao wana cheti. Hana adabu! Consolatha naye kaghairi. Kasema aliagiza mchele wa Rufiji, hakuagiza tausi.

Jumanne, 12 Agosti
Lori la kurudisha mzigo limeharibika njiani. Dada kapiga. Nimefukia simu kwenye unga. Ikalia humohumo. Mke wangu Sihaba kapokea, kamwambia yote.

Ijumaa, 15 Agosti
Mzigo umefika alfajiri. Boda, kisha boti, hadi Mbwera. Silvesta kabeba gunia bila hata kunicheka. Imeniuma zaidi. Nimekuta masufuria yanachemsha maji matupu. Dada kapokea mchele, salamu hakupokea. Nikaapa mbele ya Yasmin: biashara basi!
Pilau ikaliwa. Mzee Abdulhalim, baba wa bwana harusi, kaona magunia. Kasema ndiyo maana, mchele wa ng'ambo hauna mfano. Kauliza nimeutoa wapi. Nikakohoa kidogo. Nikamwambia nina mtu wangu Pakistani.

Jumamosi, 16 Agosti
Oda tano kutoka Mbuchi! Wote wanataka wa tausi. Nimemwendea dada kuomba uliobaki. Karusha mwiko. Nimeukwepa, mwepesi bado. Atakubali. Kesho mapema niko Bungu, kuna magunia nimeyaona yana simba.