Pampu Niliyoitengeneza Juja

Leo nimejiaibisha mbele ya watu arobaini na pampu moja. Njoroge na Hassan, nawaandikia barua moja, msomeane, mkimaliza muichome. Karatasi ni ya kufungia misumari, mtanisamehe. Ndiyo iliyokuwa karibu, na nikingoja kununua nyingine nitakosa ujasiri wa kuwaambia.

Hali yangu mnaijua, lakini mengine yametokea tangu muende kazi bandarini Mombasa. Huu ni mwaka wa pili tangu tumalize sekondari, fomu foo. Nikingoja kuitwa chuo, nilikaa hapa Ruiru kwa Anko Karanja, kaka yake mathe, nikafundishwa kutengeneza mota na pampu za maji. Barua ya chuo ilikawia mpaka nikaacha kuiulizia. Mwezi uliopita ikafika. Uhandisi, Juja, kuripoti Jumatatu hii inayokuja. Wiki hiyo hiyo Anko akapata kibanda cha pili kule Mugutha, akanionyesha kifunguo.

"Hiki ni chako," akasema. "Utasimamia kibanda wewe mwenyewe. Lakini Ijumaa jioni nataka jibu. Nikikosa jibu, natafuta mtu mwingine."

Ijumaa ndiyo leo.

Upande wa pili kuna Mzee wangu. Yeye ameshatangaza kanisani kwamba kijana wake anaenda chuo kikuu. Akina mama wa kanisa wakaninunulia sanduku la bati, wakaliandika jina langu kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kiasi kwamba mtu aliye barabarani anaweza kusoma. Kila jioni Mzee analipangusa vumbi. Halina kitu ndani, lakini analipangusa.

Sasa mimi nilikuwa sijui. Sio ati naogopa. Nilitaka tu kujua, hiki chuo kina nini ndani ambacho mimi sina? Nilianza kuuliza watu. Mwalimu wetu wa hesabu aliniambia niende bila kufikiria mara mbili. Jirani yetu ana digrii na anauza viatu vya mitumba Thika. Nikamwendea sokoni nikamuuliza kwa heshima kama ile digrii imemsaidia. Akaniangalia miguu, akaniuliza, "Unavaa saizi gani?"

Basi nikaamua leo asubuhi niende nikaone mwenyewe. Mota huinunui kabla ya kuifungua, na hii ilikuwa inataka miaka mitano yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa nguo. Jana nilimuuliza Mzee, kama mtu anayepiga stori tu, wanafunzi wa chuo kikuu huvaa nini. Mzee alimwona mmoja kabla mimi sijazaliwa. Akasema, "Tai. Na koti. Na faili mkononi." Nikavaa koti lake la harusi na tai yake ya kahawia, nikabeba faili ambayo ndani yake kulikuwa na barua ya kuitwa na bisibisi yangu. (Bisibisi siendi popote bila hiyo. Hata kanisani ninayo. Mtaona ilivyoniponza.)

Pale getini soja akasimama wima. "Habari ya asubuhi, Daktari."

"Poa," nikamjibu. (Daktari gani anajibu poa?) Akafungua geti hata hivyo, nikapita bila kuulizwa kitu.

Huko ndani nikashangaa. Wanafunzi wamevaa kandambili. Wengine jinzi zimepasuka magoti. Katika chuo kizima, mwenye tai nilikuwa mimi peke yangu, na kila nikipita watu wananipisha njia. Ningekuwa na akili ningerudi nyumbani saa hiyo. Lakini nikasikia mlio, na mlio ule naujua hata nikiwa usingizini. Ilikuwa pampu inayozunguka kinyume.

Hii lazima niwaeleze, kwa sababu mambo yote yanatokea hapa. Mota kubwa inapewa stima na waya tatu. Ukizifunga vibaya inazunguka kinyumenyume. Pampu haizimiki, inaendelea kunguruma, ila maji yanatoka kidogo tu, ya kunawa uso. Wakulima wa kahawa hapa kwetu huja wakilia kwamba pampu imekufa, na kumbe ni waya mbili tu za kubadilishana nafasi. Anko alinifundisha hiyo wiki ya kwanza. Mteja akienda kuchukua chai, akirudi maji yanaruka.

Nikafuata ule mlio hadi kwenye karakana moja kubwa, safi, sakafu inang'aa. Wanafunzi wapata arobaini wamezunguka pampu na madaftari yao. Mwalimu hayuko, kumbe ametoka kutafuta chaki. Walipoona tai wakanyamaza, wakafungua njia. Kijana mmoja mrefu akaniuliza, "Wewe ndiye umetumwa na idara?"

Sikusema ndio. Sikusema hapana pia. Nikauliza, "Hii pampu ina shida gani?"

"Maji ni kidogo," akasema. "Tumeambiwa tupime."

"Mpime nini? Kitu kikiharibika kinatengenezwa." Nilisema hivyo, nyinyi watu, kwa sauti ya Anko Karanja, mkono mmoja kiunoni.

Wakaandika kwenye madaftari. Haki ya Mungu, waliandika.

Nikazima stima. Nikatoa bisibisi kwenye faili, nikafungua kile kijisanduku cha waya, nikabadilisha nafasi za waya mbili, nikafunga, nikawasha. Hata dakika tatu hazikuisha. Maji yakaruka yakagonga upande wa pili wa tangi. Kuna mtu alipiga makofi. Nikanyoosha tai ya Mzee, na moyoni nikajiambia jibu nimelipata, watu arobaini na madaftari wameshindwa na bisibisi moja. Nilijiona nikimpokea Anko kile kifunguo.

Mwalimu akaingia. Mama mfupi, miwani imening'inia kifuani, chaki mkononi. Akasimama mlangoni akasikiliza tu. Hakuangalia maji kwanza, alisikiliza, vile vile ninavyofanya mimi.

"Nani ametengeneza pampu yangu?"

Nikainua mkono. Tena niliuinua juu kabisa, nisije nikanyimwa sifa zangu.

"Ilikuwa na shida gani?"

"Ilikuwa inazunguka kinyume, Madam. Nimebadilisha waya mbili."

"Umejuaje?"

"Nimesikia tu nikiwa kule nje."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nimefika hapa saa kumi na mbili asubuhi," akasema, "nikaifunga izunguke kinyume kwa mikono yangu. Hawa walikuwa wapime, wafanye hesabu, na Ijumaa ijayo waniambie wenyewe shida iko wapi. Kazi ya wiki moja. Wewe umeimaliza nikitafuta chaki."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mwingine alikaa chini kabisa. Mimi masikio yalishika moto, na mkono bado nilikuwa nimeuinua, sijui kwa nini.

Laiti ingeishia hapo.

Akanipa ile chaki. "Kwa kuwa somo langu umelimaliza, endelea wewe. Waeleze kwa nini ukibadilisha nafasi za waya mbili mota inageuka. Halafu uwaeleze kwa nini ukizihamisha zote tatu, kila moja isogee nafasi moja, haigeuki."

Nyinyi watu, hilo swali la pili ninalijua. Mwaka jana nilizihamisha zote tatu kwa bahati mbaya, mota ikaendelea kuzunguka vile vile. Nilimuuliza Anko. Akaniambia, "Ndivyo ilivyo, leta spana." Lakini halikunitoka. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na sikujua kwamba kuna mtu mwingine duniani amewahi kujiuliza.

Nikaenda ubaoni. Nikachora mistari mitatu. Nikaiangalia. Nikachora duara, kwa sababu mota ni duara. Koti la Mzee likaanza kunibana makwapani.

"Tunangoja, mwalimu," akasema yule kijana mrefu.

"Ndivyo inavyofanya," nikasema.

"Kwa nini?" akauliza Madam.

"Kwa sababu... ndivyo ilivyo."

Hapo hata pampu nadhani ilicheka. Madam akanyoosha mkono kuniomba namba yangu ya usajili, na kwa kuwa sina, nikampa ile barua ya kuitwa, maana soja wa getini alikuwa amefuata kile kicheko, anachungulia mlangoni, na sikutaka kutolewa nje nikiwa nimeshikwa mkanda, na tai shingoni. Akavaa miwani, akaisoma yote.

"Umeitwa hapa. Jumatatu."

"Ndio, Madam. Bado sijaamua."

"Sasa leo ulikuja kufanya nini?"

"Kuangalia kama inafaa."

Kile kicheko nilichokuwa nakingoja hakikuja. Watu waliangalia sakafu. Madam akawageukia. "Haya, mwambieni. Inafaa?"

Kisha yule mrefu akaniuliza, "Kwenu unapata kazi?"

"Kila siku. Jumapili wananifuata hadi nyumbani."

"Basi rudi nyumbani, ndugu yangu. Kaka yangu alimaliza hapa mwaka juzi. Kila asubuhi anapiga viatu rangi, anatoka na bahasha ya karatasi zake, jioni anarudi nayo."

"Mimi nilikuja kwa sababu sikuwa na mahali pengine," akasema msichana mmoja. "Lakini nimeanza kupenda."

Nilidhani Madam atakasirika. Hakukasirika. Alinirudishia barua yangu akasema taratibu, "Kazi siwezi kukuahidi, wala hawa sijawaahidi. Lakini lile swali la waya tatu naweza kukujibu. Inachukua kama mwaka mmoja na nusu."

"Huwezi kuniambia sasa? Kwa kifupi tu?"

"Naweza, dakika tano zinatosha. Lakini utakuwa umeniamini tu, vile ulivyomwamini aliyekufundisha kubadilisha waya mbili. Hutakuwa umejua."

Nikachukua faili yangu nikatoka, na nyuma nikamsikia akisema, "Nyinyi fungueni ukurasa mpya, leo tumeibiwa." Wakacheka tena. Nimefika karibu na geti nikasikia kandambili zinakimbia nyuma yangu. Ni yule mrefu.

"Bro, samahani. Ukiamua kuja huku, ile nafasi yako kwenu utamwachia nani?"

Saa kumi na moja nilikuwa Ruiru. Anko alikuwa amelalia mota ya mtu, kifunguo cha Mugutha kinaning'inia kwenye msumari. Akaniangalia kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Anko, ukihamisha waya zote tatu, mbona mota haigeuki?"

"Nilikuambia ndivyo ilivyo."

"Lakini kwa nini?"

Akaacha kazi. Akajipangusa mikono kwa kitambaa, muda mrefu, kila kidole. Miaka ishirini ameshika waya hizo. Nikamwona akifikiria kwa kweli, na niliona uchungu kidogo, kwa sababu sikuwa nataka kumshinda.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kujua." Kisha akakitoa kile kifunguo kwenye msumari akakitia mfukoni mwake. "Jumatatu nenda. Ukijua uje unieleze. Na ukiniambia ndivyo ilivyo, nitakupiga na spana."

Nilikuwa nimejiandaa kuagana na kibanda, lakini kifunguo kilipoingia ule mfuko kiliniuma, siwadanganyi. Kazi ile naiweza. Huko ninakoenda, mpaka sasa ninachoweza ni kuharibu somo. Nikamwambia kuna kijana mmoja mrefu kule Juja, tulikubaliana pale getini aje Jumamosi kujifunza kufunga mota. Anko akauliza kama anavaa tai. Nikamwambia anavaa kandambili. Akasema, "Huyo alete."

Sasa niko nyumbani. Mzee ameona koti lake lina chaki, na ameamua hiyo ni dalili njema, sikumsahihisha. Nimeanza kupanga nguo kwenye sanduku. Bisibisi nimeiweka chini kabisa, mahali ambapo siwezi kuifikia haraka.

Jumatatu darasa lile lote litanipita kwenye njia, na nimeambiwa jina langu la huko tayari ni Daktari Poa, yule soja alinisimulia mwenyewe nikitoka. Kwa hivyo tafadhali nyinyi wawili msicheke. Ama chekeni, lakini kama mmoja wenu huko bandarini anajua kwa nini waya tatu hazigeuzi mota, aniandikie kabla ya Jumatatu, aniokolee mwaka mmoja na nusu.