Mke Aliyeandikwa Dada

Redio ya Claudine haijamaliza habari, wazee watatu tayari wamepandisha sauti. Mtangazaji amesema mjane wa askari mstaafu aliyeajiriwa tena kazi ya kiraia ana haki ya pensheni ya jeshi na ya kazi ile ya pili, mradi ameandikwa kama mke kwenye faili zote mbili.

Ni asubuhi, Kasungami, kwenye benchi la kahawa. Claudine amekwenda kuchota maji. Wateja wake ni walinzi wa mgodini waliotoka zamu, wote askari wa zamani.

“Pension mbili!” Laurent alipiga paja, akimfikiria mkewe. Wanamwita Haut-Parleur, yaani kipaza sauti, na sauti yake hufika barabarani. “Bibi yangu akisikia, leo leo atanipikia bowa, ule uyoga ya sumu!”

“Nyamaza tusikie sheria,” alisema Emery, anayeitwa Maître, yaani wakili, kwa kuwa aliwahi kufagia mahakamani miezi sita.

Kataliko hakucheka. Wao humwita Jenerali, ingawa jeshini alitoka akiwa sajini. Aliweka kikombe chini.

“Jenerali, juu ya nini haucheki?” Maître aliuliza.

“Bandugu, mu dossier ya kazi niko na myaka makumi ine na saba.”

“Weye? Meno yako yote ilishastaafu, ilishaenda retraite!” Haut-Parleur alisema.

“Balikuwa banatafuta bijana tu. Nikapunguza myaka kumi na tano.”

Maître alihesabu kwa vidole. “Basi uliingia mu jeshi na myaka saba!”

“Na Sephora, mutoto yako ya kwanza,” Haut-Parleur alinguruma, “ulimuzala na myaka tisa!”

“Njo maana nilimuandika mudogo yangu.”

“Na Claudine, bibi yako?” Maître aliuliza.

Kataliko aliviangalia viatu vyake. “Ku karatasi alinipita na myaka kumi na moja. Nikasikia haya. Nikamuandika dada mukubwa.”

Haut-Parleur alianguka kutoka benchini. Jenerali naye akacheka, angefanya nini? Akacheka mpaka akaona ndoo ya maji, na Claudine nyuma yake.

“Papa Sephora,” alisema mama huyo polepole. “Wakati ulikuwa ku vita, nilikungoja myaka ine. Bantu banasema ulishakufwa, niolewe. Nikakatala. Ile yote ilikuwa kazi ya dada?”

“Nikisema kweli, kesho bananifukuza.”

“Na ukikufwa, miye nitakula nini? Kofia yako?”

Safari hii Kataliko aliona aibu ya kweli, siyo ile ya kuchekesha watu. Risasi hazikumkimbiza, akamkimbia karani mwenye kalamu! Akafunga vifungo vya sare, akabeba ndoo mpaka jikoni, akarudi.

“Twende ku bureau ya kazi, bakuandike bibi.”

“Twende, mudogo yangu,” Claudine alijibu, lakini alimshika mkono.

Walipopinda kona, Haut-Parleur alijipangusa vumbi.

“Maître, weye pale pa bibi uliandika nini?”

“Célibataire, sina bibi. Kwa camp ya mugodi balikuwa banapenda bale beko peke yabo. Na weye?”

Haut-Parleur alitazama kulia, akatazama kushoto. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata kwenye birika.

“Nilimuandika alishakufwa. Nilikuwa nataka ruhusa, siku tatu za kilio.”

Waliondoka mbio, wakipiga kelele Jenerali awangoje.