Hotuba kwa Namba Saba

Jumatatu, 3 Juni
Shangazi, mtunza duma wa kituo hiki cha wanyama, ametangaza: siku ya kuwarudisha duma watatu porini, mmoja wetu atahutubia wageni. Mimi au binamu yangu Redio. Redio huongea hata akipiga mswaki. Mimi nikiitwa jina darasani, natoka jasho hadi kwenye kope. Safari hii sikubali anishinde. Nimeapa.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata wasikilizaji! Sheria yasema ukipeleka nyama funga mdomo, duma wasije wakamzoea binadamu. Lakini kunong'ona hotuba si kusema. Wawili walinikimbia. Namba Saba (hapa hawapewi majina, tusije tukawapenda) aliketi, akakoroma kwa raha. Kiumbe wa kwanza kunisikiliza hadi mwisho. Kesho tena. Na keshokutwa.

Jumanne, 11 Juni
Mtihani. Daktari wa wanyama alisogelea uzio akiongea. Duma wa kwenda porini lazima akimbie. Wawili wakatimka. Namba Saba akaja, akaketi, akasubiri hotuba.

Daktari akasema huyu hatoki. Atawafuata watu, wamuue. Redio akauliza nani kamharibu. Nikatazama viatu vyangu. Shangazi naye akatazama viatu vyangu.

Jumatano, 12 Juni
Nimekiri. Niliandaa kurasa mbili, yakatoka maneno matatu. Shangazi hakufoka, na hilo ndilo baya zaidi. Alinikabidhi sufuria mbili.

"Mwiba hutokea ulikoingilia, mwanangu. Wewe ulimzoeza, wewe utamtisha."

Daktari ametupa wiki mbili. Namba Saba akishindwa tena, ni uzio maisha yake yote. Hashindwi!

Jumatatu, 24 Juni
Siku ya kumi na mbili ya kugonga sufuria na kupiga kelele. Mwanzoni Namba Saba alidhani ni utangulizi. Leo kanikimbia hadi mwisho wa uzio. Nikafurahi. Nikalia. Nikagonga tena.

Jumatano, 26 Juni
Kafaulu! Daktari hakumaliza hata salamu.

Jumamosi, 29 Juni
Kaenda. Redio ndiye kahutubia, mimi sauti imekauka kwa makelele. Aliposema "Wageni waalikwa," Namba Saba alikuwa keshaingia vichakani. Hakugeuka. Nilijua hatageuka. Nilisimama nikitazama hata hivyo.

Shangazi anasema Desemba wanatoka wengine wanne, na hotuba bado haina mwenyewe. Yule jike wa banda la nne ana masikio makubwa, na mtihani wake ni Novemba. Nitanong'ona tu. Tena nikiwa nimempa mgongo.